Nimepungua uzito, mbona kiuno kinauma? Maswali ya wasomaji na majibu

Barua kadhaa za mwezi huu kutoka Dodoma, wilaya zake na Manyoni jirani zinalalamikia jambo moja: mtu amepungua uzito, halafu mgongo wa chini ukaanza kuuma au ukakataa kupona. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu mazoezi yenyewe yamo humo. Ya pili isomeni hata kama haiwahusu, maana kuna kupungua ambako dawa yake si mazoezi hata kidogo.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mama wa miaka 42, nafanya kazi ya ofisini Mtumba, nje ya mji. Kuanzia Januari hadi Mei nimetoka kilo 96 hadi 74 kwa kuacha ugali na chakula cha usiku, na kutembea jioni. Sukari na presha vimetulia, namshukuru Mungu. Ila sasa kiuno kinauma nikiinuka kwenye kiti, nikiosha vyombo, na asubuhi nikiinama kufunga viatu. Maumivu hayashuki mguuni. Nilidhani mzigo ukipungua mgongo utapumzika. Wenzangu wananiambia nifanye mazoezi ya tumbo, yale ya kulala chali na kuinuka, mara 50 kila asubuhi. Nifanyeje? (Mama wa mtaa wa Kisasa, Dodoma)

JIBU: Marahaba, dada, na hongera sana. Usiurudishe uzito kwa kuogopa mgongo. Kupungua si kosa. Tatizo ni kwamba namna ulivyopungua imekutoa mafuta pamoja na misuli.

Mwili ukinyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake. Mtu akipungua kwa kujinyima bila mazoezi ya nguvu, takriban robo ya uzito unaotoka si mafuta, na sehemu yake kubwa ni misuli. Kwa kilo zako 22, hiyo ni kama kilo 5 na nusu. Kutembea kumeusaidia moyo na sukari yako, lakini hakuipi misuli ya makalio, ya ubavuni na ile midogo inayoshika pingili za mgongo kazi ya kutosha kuifanya ibaki na nguvu. Kasi nayo imechangia. Kilo 22 kwa wiki 17 ni karibu kilo moja na robo kila wiki, wakati kasi inayoshauriwa ni nusu kilo hadi kilo moja. Juu ya hapo kuna kiti cha ofisini na safari ya kwenda na kurudi mjini. Ukikaa saa nane kwa siku makalio hayafanyi kazi yoyote, na siku ukiinama kuokota kitu, kiuno kinabeba peke yake.

Mazoezi ya kulala chali na kuinuka yaache kabisa, hasa asubuhi. Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliyetumia miaka mingi kupima migongo maabara, alionyesha kwamba kila kuinuka kwa namna hiyo huzibana pingili za kiuno kwa nguvu inayofikia Newton 3,300, sawa na uzito wa kilo 330 hivi. Zidisha mara 50. Asubuhi ni vibaya zaidi kwa sababu usiku diski zilizo kati ya pingili hunyonya maji na kuvimba kidogo, hivyo kuinama mapema baada ya kuamka huzikaza kupita kiasi. Ndiyo maana viatu vinakuuma. Kwa saa nzima ya kwanza baada ya kuamka usiiname. Kaa, uinue mguu kwenye kigoda, ndipo ufunge kiatu. Mazoezi yako yaweke jioni.

Kabla ya kuanza, shika kipimo hiki. Yape maumivu yako namba kati ya 0 na 10. Wakati wa zoezi yakifika 3 au 4 endelea, mradi kesho asubuhi yamerudi yalipokuwa. Yakipita 4, au yakiamka kesho yakiwa makali kuliko jana, punguza nusu ya kiasi, usiache. Yakianza kushuka kwenye paja au mguu, simama na usome jibu la tatu hapa chini.

Tandika mkeka sakafuni juu ya blanketi lililokunjwa. Kitandani hapafai, godoro linabonyea na hutajua mgongo wako umekaaje.

Anza na daraja la makalio. Lala chali, kunja magoti, visigino viwe sentimita 30 hivi kutoka makalio. Toa pumzi, kaza tumbo kidogo, bana makalio kwanza, ndipo uinue nyonga mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja. Shika sekunde 5, shuka taratibu. Fanya mara 8, pumzika dakika moja, rudia mara 8. Misuli ya nyuma ya paja ikikukamata, visigino viko mbali mno, visogeze karibu. Kiuno kikiuma juu kabisa, umeinua kupita ule mstari na mgongo umepinda kwenda nyuma. Shuka vidole viwili.

Pili, mkono na mguu kinyume. Piga magoti na kuweka viganja chini, viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, kisigino kisipande juu ya usawa wa makalio. Shika sekunde 8 hadi 10 huku ukipumua, rudisha, badili upande. Fanya mara 5 kila upande, pumzika, mara 3, pumzika, mara 1. Idadi inashuka kwa makusudi, ili misuli isichoke ukaanza kudanganya kwa kupindisha mgongo. Kosa la wengi ni kurusha mguu juu. Hapo kiuno hubonyea na zoezi zima hugeuka kuwa la kuumiza. Weka bakuli la plastiki lenye maji kidogo juu ya kiuno. Yakimwagika, mguu uko juu mno au nyonga imegeuka.

Tatu, ubavu. Lala upande, egemea kiwiko kilicho chini ya bega kabisa, magoti yamekunjwa. Inua nyonga mpaka mwili uwe umenyooka kuanzia bega hadi goti. Sekunde 8 hadi 10, idadi ileile ya 5, 3, 1 kila upande. Kiwiko kikitangulia mbele ya bega, bega ndilo litakalouma. Ukiweza kwa magoti wiki tatu bila shida, nyoosha miguu ubebe uzito kwenye nyayo.

Nne, tumbo, badala ya lile la wenzako. Lala chali, goti moja limekunjwa na jingine limenyooka, viganja chini ya uwazi wa kiuno. Inua kichwa na mabega kidogo tu, kiasi cha karatasi kupita chini ya mabega, bila kubonyeza kiuno kwenye viganja. Sekunde 8, idadi ileile. Shingo ikiuma, ubandike ulimi juu kwenye kaakaa na uangalie dari, usiangalie magoti.

La tano ndilo tunalokuomba usilipuuze, kwa sababu ndilo litakalokurudishia kuosha vyombo na kuinua ndoo. Ni kuinama kwa nyonga. Shika mpini wa ufagio wima mgongoni, uguse sehemu tatu: kisogo, kati ya mabega, na mfupa wa chini mwisho wa mgongo. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kuelekea ukutani, kifua kishuke mbele. Mpini usiache kugusa hata sehemu moja kati ya hizo tatu. Ukiachia kisogo, umeinamisha kichwa. Ukiachia chini, umepinda kiuno badala ya nyonga, na hapo ndipo mgongo wako umekuwa ukiumia siku zote bila wewe kujua. Mara 10, mizunguko 2. Baada ya wiki mbili acha mpini, shika dumu la lita 5 lililojaa kwa mikono miwili, uliinue kutoka kwenye kigoda kwa namna ileile. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mizani unayo nyumbani. Kila wiki mbili ongeza lita 2 hadi 3, maadamu kesho yake huamki na maumivu zaidi. Usisimame kwenye lita 5 ukaridhika. Misuli iliyopotea hairudi kwa mazoezi mepesi yasiyoongezeka.

Hayo manne ya kwanza fanya kila siku, ni dakika 15. La dumu fanya siku tatu kwa wiki, ukiruka siku moja katikati, na siku hizo ongeza kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mara 10, mizunguko 3. Usizuie pumzi unapoinua, hasa wewe mwenye historia ya presha. Toa pumzi wakati wa nguvu.

Kutembea usiache. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, uliotoka mwaka 2024 na kuhusisha watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo, ulionyesha kwamba waliopangiwa kutembea, wakiongeza taratibu hadi dakika 30 mara tano kwa wiki, walikaa wastani wa siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Wasiopangiwa chochote walikaa 112. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za Dodoma zina baridi inayokaza mwili. Kama ndio muda wako, anza polepole dakika 10 za kwanza. Kuanzia Septemba, jua la mchana na vumbi vitakusukuma kwenye alfajiri au jioni, na ni sawa.

Sasa chakula, na hapa tunasema kwa mkazo. Huwezi kujenga misuli ukiwa bado umefunga kula. Lenga protini gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili, yaani kama gramu 89 kwa siku kwako. Hazihitaji nyama kila siku. Mayai mawili yana gramu 12. Kikombe cha mtindi au maziwa, 8. Vikombe viwili vya kunde au maharage yaliyopikwa, 30. Dagaa wakavu gramu 30 hutoa kama 17. Konzi ya karanga, 7. Ugali wa uwele wa unga gramu 200 kwa siku nzima, 20 hivi. Umefika. Ugali ulioufukuza nyumbani, hasa wa uwele au mtama pamoja na mlenda na kunde, haukuwa adui yako, ulikuwa mwingi tu. Urudishe ukubwa wa ngumi yako. Kama umewahi kuambiwa figo zina shida, kiasi cha protini mpangiwe na daktari.

Wengi huanza kuona nafuu wiki ya tatu hadi ya sita, na nguvu hasa hujengeka baada ya wiki 8 hadi 12. Ukifika wiki ya sita bila mabadiliko yoyote, nenda idara ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) ya hospitali ya rufaa ya mkoa wakuangalie unavyofanya. Mara nyingi zoezi ni sahihi ila linafanywa vibaya.

SWALI: Baba yangu ana miaka 58, ni mfugaji huku Bahi. Tangu msimu wa mavuno suruali zake zote zinampwaya, na hajajinyima chakula. Mgongo unamuuma hasa usiku, akilala haupati nafuu, na shuka zinalowa jasho. Hakohoi. Tunamkanda kwa mafuta ya moto. Tumfanyishe mazoezi gani? (Binti yake, Bahi)

JIBU: Binti yetu, kwa sasa hakuna zoezi lolote, na kumkanda acheni leo. Mpeni baba shikamoo zetu, kisha mpelekeni hospitali wiki hii, msingoje mnada upite.

Maumivu ya kawaida ya mgongo hupungua mtu akilala na huongezeka akifanya kazi. Ya baba yako yanafanya kinyume, na yamekuja pamoja na kupungua bila kukusudia na jasho la usiku. Mambo hayo matatu yakikutana, la kwanza kufikiriwa ni kifua kikuu cha mgongo. Ndiyo, kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye pingili bila kikohozi hata kimoja, kwa hiyo kutokohoa kusiwapumbaze. Vijidudu hula mfupa wa pingili polepole. Mfupa uliolika ukikandwa kwa nguvu, ukinyooshwa au ukikunjwa kwa mazoezi, unaweza kuporomoka ukabana uti wa mgongo, na mtu akapooza miguu. Mwangalieni mgongo akiwa amevua shati. Kama kuna kinundu kilichochomoza katikati, hata kidogo, mwambieni daktari.

La pili, kwa mfugaji, ni brusela, ugonjwa unaotupisha mimba ng'ombe na mbuzi. Huingia kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo au kitoto kilichotupwa bila glavu. Huleta homa ya kwenda na kurudi, jasho, na maumivu ya kiuno na nyonga. Mwelezeni daktari kwamba ni mfugaji na kama anakunywa maziwa mabichi, la sivyo hatakumbuka kupima. La tatu ni kisukari, kinachoweza kukondesha peke yake. La nne, kwa mwanaume wa umri wake, ni saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa ya mgongo.

Ombeni apigwe picha ya eksirei ya mgongo, apimwe makohozi kama anaweza kuyatoa, sukari kabla ya kula, virusi vya UKIMWI, brusela, na kipimo cha damu cha tezi dume. Eksirei ya mwanzo huweza kuonekana nzuri hata kama ugonjwa upo. Maumivu yakiendelea, mwombeni rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, akafanyiwe MRI, picha inayoonyesha mgongo kwa undani kuliko eksirei. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa mgongo huendelea miezi tisa hadi mwaka, zaidi ya miezi sita ya mapafu, na kosa kubwa ni kuacha mwezi wa tatu mtu akijiona amenenepa. Brusela iliyoingia mgongoni nayo hutibiwa kwa dawa mbili au zaidi kwa pamoja, kwa miezi mitatu au zaidi.

Maziwa ya nyumbani yachemsheni mpaka yafoke, kuanzia leo, kwa familia nzima. Siku daktari atakaposema mgongo umetulia, tuandikieni tena. Mazoezi yake yapo, na yatakuwa tofauti na yale ya dada wa Kisasa.

SWALI: Naendesha bajaji Nkuhungu, nina miaka 29. Nimepunguza kilo 12 kwa kukimbia kila asubuhi. Wiki tatu sasa maumivu yanatoka kiunoni yanapita kwenye kalio la kushoto hadi kwenye kigimbi, kama umeme. Nikikaa kwenye bajaji nusu saa ni mateso. (Dereva, Nkuhungu)

JIBU: Kaka, huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa au kuwashwa na diski, sehemu ya chini ya kiuno. Kupungua hakukuuleta. Ulitoka kwenye kiti kinachotikisika ukaingia kwenye mbio bila hatua ya kati, na diski haikupata nafasi ya kuzoea. Wengi wa umri wako hupona bila upasuaji ndani ya wiki 6 hadi 12.

Jipime kwanza. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu, kisha hatua kumi kwa vidole. Kama mguu wa kushoto unashindwa na wa kulia unaweza, msuli umeshaanza kupoteza nguvu, nenda hospitali siku hiyo au kesho yake. Na kama ganzi imeingia sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, yaani kinena na kuzunguka haja kubwa, au mkojo hautoki, au unatoka bila wewe kujua, usilale. Nenda usiku huohuo. Mishipa inayobanwa namna hiyo hupimwa kwa saa, na ikichelewa kufunguliwa kwa upasuaji, uharibifu huweza kubaki maisha yote.

Kama hayo hayapo, acha kukimbia kwa sasa, tembea dakika 10 mara tatu kwa siku. Kisha lala kifudifudi sakafuni dakika 3. Ukivumilia, egemea viwiko dakika 2. Ukivumilia hapo, weka viganja chini ya mabega, nyoosha mikono uinue kifua huku nyonga zikibaki chini na makalio yakiwa yamelegea, shuka. Mara 10, kila baada ya saa mbili au tatu. Huhitaji kurudi nyumbani. Ukiwa kijiweni simama, weka mikono kiunoni, jiinamishe nyuma mara 10.

Angalia maumivu yanakwenda wapi. Yakihama kutoka kigimbini kupanda pajani, kisha kaliona, kisha yakabaki kiunoni peke yake, unapona, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa siku mbili tatu. Yakishuka kuelekea unyayo, zoezi hilo si lako, liache, umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Mguu ukitulia wiki mbili mfululizo, anza mazoezi ya barua ya kwanza, ukiacha la dumu mpaka mwezi upite.

Kwenye bajaji, kunja taulo unene wa ngumi uweke nyuma ya kiuno, na ushuke kila baada ya dakika 30 hata kama abiria hajapatikana.

SWALI: Nimenunua mkanda wa mgongo dukani, nauvaa kutwa. Je, unasaidia? (Mwalimu, Chamwino)

JIBU: Mwalimu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini, na mikanda ni kati ya vitu lilivyoshauri visitumike kama tiba ya kawaida, pamoja na kuvutwa mgongo kwa mashine. Lililoshauri ni elimu, mazoezi, na baadhi ya tiba za mikono. Uvue kidogokidogo: wiki hii ubaki nao nusu siku, wiki ijayo saa mbili, kisha uuache, huku ukianza daraja la makalio na ubavu. Na kama kila jioni unameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ili uweze kusahihisha madaftari, mwambie daktari, hasa ikiwa una vidonda vya tumbo au unatumia dawa za presha. Ikitumika muda mrefu huumiza tumbo na figo.

SWALI: Baada ya kupungua, nikikaa kwenye benchi la kanisani mfupa wa mkia unauma kama umechomwa. Ni mgongo? (Msomaji, Manyoni)

JIBU: Ni mfupa wenyewe. Makalio yamepoteza mafuta yaliyokuwa yanaukinga. Chukua godoro jembamba la sponji, unene wa sentimita 7 hivi, ukate pengo la umbo la U upande wa nyuma, mkia ukae hewani. Kaa ukiegemea mbele kidogo. Daraja la makalio litaurudishia nyama baada ya miezi miwili mitatu. Kukiwa na uvimbe, joto au usaha juu yake, ni jipu, usiliminye.

SWALI: Nina miaka 66, nalima uwele na karanga Mpwapwa. Nimekonda tangu mwaka jana nilipoanza kupunguza chakula kwa ajili ya presha. Juzi nilijitwisha ndoo, nikasikia mgongo umekatika ghafla. Nikilala natulia, nikisimama ni maumivu matupu. Nifanye mazoezi gani ili niwahi palizi? (Bibi wa Mpwapwa)

JIBU: Shikamoo bibi. Kabla ya zoezi lolote, tunaomba upigwe eksirei ya mgongo. Mwanamke aliyevuka umri wa hedhi mifupa yake hupoteza madini, na kukonda huongeza upotevu huo. Pingili ya mfupa laini huweza kubonyea kwa mzigo wa ndoo moja tu, na dalili zake ndizo hizo ulizoandika: ghafla, mahali pamoja, na kutulia ukilala. Ikiwa ni hivyo, itahitaji wiki 6 hadi 12 kuunga. Usilale kitandani muda wote huo, maana misuli iliyobaki itakwisha. Inuka kila saa, tembea ndani na uani.

Usifanye zoezi lolote la kuinama mbele au kujiviringisha. Yanayokufaa baada ya maumivu makali kupita ni haya: simama uelekee ukuta, viganja ukutani, jisukume mara 10, kaa na kuinuka kwenye kiti mara 5, ukiongeza moja kila siku tatu hadi 10, na ukiwa umekaa, vuta mabega nyuma ukihesabu hadi 5, mara 10.

Palizi ya msimu huu waachie wajukuu. Ijayo, weka mpini mrefu kwenye jembe, unaofika kifuani, ili ulime umesimama, na upumzike kila baada ya dakika 20. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hatari iko kwenye kujitwisha na kutua kuliko kwenye kutembea nayo. Gawa kwenye madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, au mtu akutwishe na akutue.

Kwa mifupa, unahitaji kalsiamu kama miligramu 1,200 kwa siku: maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yake. Presha hupunguzwa kwa kuacha chumvi na mafuta mengi, si kwa kuacha kula. Mweleze daktari wa presha kilo ulizopoteza, apime upya, maana mtu akikonda dozi ya zamani huweza kushusha presha kupita kiasi, ukapata kizunguzungu unapoinuka na kuanguka juu ya mgongo uliovunjika tayari.